Mzabibu Hauli Majivu: Shamba la El Grifo na Maji Tunayoyaacha Yapotee



Kuna picha inazunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp ya wakulima wa zabibu. Inaonesha bonde jeusi tii lenye mashimo ya duara, mamia kwa mamia, na ndani ya kila shimo kuna mzabibu mmoja wa kijani. Hakuna nguzo, hakuna waya, hakuna mpira wa maji. Chini ya picha mtu ameandika kwamba huo ni udongo wa volkano, hauhitaji mbolea wala maji. Vijana wengi wameniuliza kuhusu picha hiyo. Mmoja wao, mwenye ekari mbili za zabibu hapa Dodoma, alishapiga simu Arusha kuulizia bei ya lori la changarawe nyeusi za volkano. Hela yenyewe alitaka kuikopa.

Picha ni ya kweli. Maelezo yake ndiyo yatakayomtia mtu hasara, ndiyo maana leo nataka tukae nalo shamba hili tulielewe vizuri.

Bonde hilo linaitwa La Geria, liko kisiwa cha Lanzarote, moja ya visiwa vya Kanari vya Hispania. Ukiangalia ramani utashangaa: kisiwa kiko kama kilomita 125 tu kutoka pwani ya Afrika, kule upande wa Morocco. Mvua yake ni kama milimita 150 kwa mwaka. Linganisha na Dodoma, ambako tunalia ukame huku tukipata milimita 500 na zaidi. Juu ya hapo kuna upepo wa baharini unaovuma karibu mwaka mzima na kukausha kila kitu.

Zamani Lanzarote ilikuwa nchi ya ngano na shayiri. Tarehe 1 Septemba 1730 ardhi ilipasuka eneo la Timanfaya, na volkano haikutulia mpaka Aprili 1736. Karibu miaka sita! Padri wa parokia ya Yaiza, Andrés Lorenzo Curbelo, aliandika kumbukumbu za yale aliyoyaona: vijiji kuzikwa, moto, mifugo kufa. Mashamba mazuri kabisa ya nafaka yalifunikwa na lava au kwa majivu mazito na changarawe nyeusi. Watu wengi walikimbilia visiwa vya jirani.

Waliobaki waligundua jambo moja. Ukichimba changarawe ile, hata kama ni kina cha mita mbili au tatu, chini unakutana na udongo ule ule wa zamani, na una unyevu. Ngano isingeweza kupandwa namna hiyo, lakini mzabibu, mti wenye mizizi mirefu, unaweza. Mwaka 1775, miaka 39 tu baada ya volkano kutulia, kikaanzishwa kiwanda cha mvinyo cha El Grifo. Mpaka leo kinafanya kazi, na kinahesabiwa miongoni mwa viwanda vikongwe vya mvinyo nchini Hispania. Jengo la zamani wamelifanya makumbusho, limejaa mashine za kukamulia za enzi hizo.

Majivu ni blanketi, si chakula

Hapa ndipo maelezo ya ile picha yanapotupoteza. Mzabibu wa Lanzarote haupandwi kwenye majivu. Mkulima anachimba shimo kupita kwenye changarawe mpaka afike udongo wa zamani, anapanda humo, halafu changarawe inabaki juu kama blanketi. Chakula mti unakipata chini, kwenye udongo. Kazi ya blanketi ni kupokea mvua haraka bila kuiacha itiririke, na kuzuia jua na upepo visinyonye unyevu ule kuurudisha angani. Changarawe ile ina matundu mengi madogo na makubwa, kwa hiyo maji yakishashuka njia ya kupanda juu inakatika. Watu husema pia kwamba inanasa umande wa usiku. Inawezekana kuna mchango, lakini kwa macho ya bwana shamba, kazi kubwa ni hiyo ya kuzuia upotevu.

Ushahidi ni kwamba wenyeji wanajua changarawe ikichanganyika na udongo inapoteza kazi yake. Ndiyo maana hawaingizi trekta hovyo. Zamani walitumia ngamia, leo wanatumia mikono. Kwingine kisiwani walienda mbali zaidi: mashamba ambayo volkano haikuyafunika waliyafunika wao wenyewe kwa kubeba changarawe na kuitandaza, wakalima vitunguu, viazi vitamu na dengu. Mwaka 2025 FAO iliuingiza mfumo huo wa kilimo cha Lanzarote kwenye orodha yake ya mifumo ya kilimo ya urithi wa dunia.

Mtu ataniuliza, mbona udongo wa volkano wa Kilimanjaro, Meru na Rungwe una rutuba kweli? Ndiyo, kwa sababu ule ni mwamba uliooza kwa maelfu ya miaka, ukapata mvua nyingi na mboji. Majivu mapya ni kokoto tu. Na majivu si ya aina moja. Oldoinyo Lengai, kwa mfano, hutoa lava yenye magadi mengi isiyofanana na ya volkano nyingine duniani. Asije mtu akachota majivu ya Lengai na kuyaweka kwenye zabibu zake kwa sababu ameona picha ya Lanzarote. Atakuwa anaweka magadi kwenye mizizi.

Tupige hesabu ya maji

Hesabu hii ndiyo iliyonifanya niandike makala hii, tafadhali ifuate taratibu.

Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita moja ya mraba. Chukua shimo la Lanzarote lenye upana wa mita 5. Eneo lake ni karibu mita za mraba 20. Kwa mvua ya milimita 150, shimo hilo linapokea kama lita 3,000 kwa mwaka. Mzabibu mmoja, lita 3,000.

Sasa chukua mzabibu wako wa Dodoma, tuseme nafasi ni mita 3 kwa mita 2. Eneo lake ni mita za mraba 6. Kwa mvua ya milimita 550, unapokea lita 3,300.

Umeona? Mzabibu wako unanyeshewa maji mengi kuliko wa Lanzarote. Lakini ifikapo Julai wako unadai maji kila wiki na wa mwenzako umesimama. Sitaki kudanganya, mazingira si sawa: jua letu ni kali zaidi, na sisi tunaukamua mti mara mbili kwa mwaka wakati wao wanavuna mara moja. Kwa hiyo siwezi kukwambia ung'oe mpira wa matone. Ninachosema ni kwamba mvua zetu za Desemba mpaka Aprili zinakuja kwa fujo, zinapiga ardhi tupu iliyoganda, nusu saa baadaye maji yako yako korongoni na udongo wako mzuri umekwenda nayo. Yanayobaki jua linayamaliza. Halafu tunawasha pampu na kununua dizeli kurudisha maji ambayo Mungu alishatupa bure.

Kwa yule kijana wa lori nilimfanyia hesabu nyingine. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,000. Ukitaka kuifunika yote kwa unene wa sentimita 10, unahitaji mita za ujazo 400. Lori la mita za ujazo 10 litakwenda safari 40, kwa ekari moja tu, njia ya zaidi ya kilomita 400 kila safari. Alikaa kimya kidogo kwenye simu, kisha akasema, "Bwana shamba, basi hiyo tuache."

Lakini si lazima aache yote. Mzungushie mzabibu mduara wa upana wa mita moja, unene wa sentimita 8. Hiyo ni kama lita 63, yaani ndoo tatu za lita 20 na kidogo. Hakuna sababu iwe changarawe ya Arusha, kokoto ndogo au changarawe ya korongoni kwako itafanya kazi hiyo hiyo ya kufunika. Jaribu miti 20, acha mingine 20 jirani bila kitu, halafu kiangazi chimba kwa kidole na ulinganishe. Mabua ya mtama na nyasi ni matandazo mazuri pia na yanaongeza mboji, ila sote tunajua mchwa wa Dodoma, na tunajua ng'ombe wa jirani. Changarawe haina mla.

Na mashimo je? Usichimbe shimo la mita mbili kwa kuiga picha. Wao wanafuata udongo uliozikwa, wewe udongo wako uko juu. Ukichimba shimo refu kwenye udongo wa mfinyanzi, masika mzabibu utakaa kwenye beseni la maji na mizizi itaoza. Cha kuiga ni ule ukuta wa mawe wa nusu duara wanaouweka upande wa upepo. Sisi tukitengeneza tuta la nusu duara upande wa chini wa mteremko, linakinga maji yasikimbie. Wazo lenyewe si geni hapa, mashimo ya Chololo yamepewa jina la kijiji cha Dodoma hii hii na yanafanya kazi ya jinsi hiyo kwa mtama na uwele.

Zabibu kidogo, hela inatoka wapi?

Hili vijana hawaniulizi, na ndilo la maana kwa mtu anayelima biashara. Kwa mfumo wa mashimo, hekta moja Lanzarote inabeba mizabibu mia chache tu. Mavuno ni kama tani 1 na nusu hadi 2 kwa hekta, yaani hadi kama kilo 800 kwa ekari. Kazi yote ni ya mkono, kuanzia kupogolea mpaka kuvuna, na mavuno yanaanza mapema, Julai. Kwa bei za kuuza zabibu kwa kilo, shamba la namna hiyo lingekufa zamani sana. Linaishi kwa sababu El Grifo haiuzi zabibu, inauza chupa.

Chupa moja ya mililita 750 inataka kama kilo 1.2 za zabibu. Kwa hiyo mavuno ya kilo 700 yanaweza kutoa karibu chupa 580. Fanya mwenyewe hesabu ya kilo 700 za zabibu kwa bei ya dalali, halafu ya chupa 580 kwa bei ya duka. Toa chupa, kizibo, lebo, kodi, umeme na zitakazoharibika. Bado kuna tofauti kubwa.

Aina kuu ya zabibu kule ni Malvasía Volcánica, nyeupe, iliyozaliwa visiwani humo kwa mchanganyiko wa asili wa aina mbili za mizabibu. Kwa zabibu hiyo moja El Grifo hutoa mvinyo mkavu, mvinyo wenye utamu kiasi, mvinyo wenye mapovu na mvinyo mtamu wa kukaa miaka mingi. Mmoja wa hiyo mitamu, unaoitwa Canari, umechanganywa mavuno ya mwaka 1956, 1970 na 1997. Nembo yao ya ndege mwenye mwili wa simba ilichorwa na César Manrique, msanii aliyezaliwa kisiwani hapo. Na kisiwa kinapokea watalii zaidi ya milioni 3 kwa mwaka, wengi wanapita kuonja na kuondoka na chupa. Hapo ndipo nasema tusijidanganye: Dodoma haina watalii hao. Ina wabunge, watumishi, vyuo na hoteli zinazoongezeka, na wengi wao wanakunywa mvinyo wa Afrika Kusini.

Upande wa pili nimeuona kwa macho. Kwenye kata ninayohudumia kuna msimu kiwanda kimoja kilisema matangi yamejaa, na vijana wakabaki na zabibu zilizoiva. Zabibu haisubiri. Siku ya tatu nyuki wamejaa, siku ya tano unauza kwa bei ya kutupa au unamwaga. Mwenye uwezo wa kukamua na kuhifadhi mchuzi wa zabibu, hata lita 500 tu, siku hiyo ana nafasi ya kujadiliana bei. Asiye nao hana.

Kama unafikiria kukamua, hizi ndizo sehemu ambazo mvinyo wa vijana wetu unaharibikia. Sitasema zote.

Ya kwanza ni joto. El Grifo wanavuna kwa mkono, wanaweka kwenye makreti yasiyo na kina ili vichala vya chini visipondeke, na zinafika kiwandani haraka. Sisi tunavuna saa nane mchana na kujaza viroba. Zabibu iliyopasuka ndani ya kiroba kwenye jua imeshaanza kuchachuka kabla hujafika nyumbani, na inachachushwa na vimelea usivyovichagua. Vuna alfajiri, maliza kabla ya saa tatu asubuhi, kamua siku hiyo hiyo. Wakati wa kuchachusha mvinyo mweupe wanautunza kwenye nyuzi joto kama 15 hadi 18 ndani ya matangi ya chuma kisichoshika kutu yenye kupozwa. Wewe huna mtambo huo, lakini pipa la lita 100 ndani ya maji, kwenye chumba chenye giza, msimu wa baridi wa usiku wa Dodoma, ni tofauti na pipa chini ya bati. Ukipita nyuzi joto 35 hamira inaanza kufa na unabaki na mchuzi mtamu unaogeuka siki.

Pili ni kuvuna kwa macho. Nunua rifraktomita, kifaa kidogo cha kupima sukari, mnaweza kuchangia kikundi kizima. Ikisoma 22, mvinyo wako utafika kilevi cha kati ya asilimia 12 na 13. Ikisoma 16, subiri. Mavuno ya kiangazi, Agosti na Septemba, kwa kawaida yana sukari nzuri na ubwiri mdogo kuliko ya Februari na Machi, kwa hiyo kama utakamua mara moja tu kwa mwaka, kamua hayo.

Tatu, usafi na salfa. Metabisalfaiti ya potasiamu gramu 10 kwa lita 100 za mchuzi inakupa kama miligramu 57 za salfa kwa lita, kiasi kinachotosha kuzuia vimelea vibaya mwanzoni. Pima kwa mizani, si kwa kijiko. Nimeonja mvinyo wa kijana mmoja uliochoma pua mpaka machozi yakatoka, alipima kwa kiganja.

Kisha makaratasi: TBS, leseni ya vileo na stempu za ushuru za TRA. Ulizia ushuru wa bidhaa kwa mvinyo wenye zabibu za ndani zaidi ya asilimia 75, maana kiwango chake ni cha chini kuliko cha mvinyo wa nje.

Neno kuhusu miche. Karne ya 19 mdudu anayeitwa filoksera alimaliza mashamba ya Ufaransa na nchi nyingi za Ulaya, mpaka leo wanabebesha mizabibu yao juu ya mizizi ya aina za Marekani. Lanzarote mizabibu inasimama juu ya mizizi yake yenyewe, na baadhi imepita miaka 100. Hali hiyo inalindwa mpakani. Kwa hiyo ukipata rafiki anayetoka safari Ulaya akakwambia amekufichia vipando vya Malvasía kwenye begi, mwambie asante, akavichome. Njia halali ya kuleta miche ni kibali cha TPHPA, na kama unataka aina mpya anza kwa kuwauliza watafiti wa TARI Makutupora wana nini.

Yule kijana ameweka kokoto za korongoni kwenye miti 24, mistari miwili upande wa mashariki wa shamba. Nitapita kwake mwisho wa Julai na jembe la kupimia unyevu. Nikipata vipimo nitaviweka hapa, vya mistari yote, yenye kokoto na isiyo nazo. Na wewe uliyeko Hombolo, Mpunguzi au Bahi ukijaribu, nitumie ujumbe na picha ya udongo, si ya majani.